Mlalamikiwa hapatikani: hati za shauri la uchaguzi zimfikie vipi?

Karani wa Mbale (Jumapili, jioni)

Ndugu zangu, heshima kwenu nyote. Mimi ni karani katika ofisi ya mawakili hapa Mbale, Uganda. Ofisi yetu inamwakilisha mgombea ubunge aliyeshindwa, na shauri lake la kupinga matokeo lilipokelewa na msajili wa Mahakama Kuu siku ya Alhamisi. Walalamikiwa ni wawili, yaani mbunge mteule na Tume ya Uchaguzi. Tume haikutusumbua, kwa maana nakala zake zilipokelewa na kugongwa muhuri Kampala siku ya Ijumaa. Taabu iko kwa Mheshimiwa. Nyumbani kwake kijijini askari wa getini anasema bosi yuko Kampala, na kwenye nyumba yake ya Kampala msichana wa kazi anasema mzee yuko jimboni. Simu zake haziiti. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, anakiri kwamba gari lake lilionekana kijijini usiku wa Ijumaa, ila hataki jina lake liandikwe kwenye karatasi yoyote ya mahakama, na mimi namwelewa, kwa sababu yeye ataendelea kuishi pale baada ya kesi kwisha.

Wakili wetu mkuu yuko safarini na anarudi kesho. Nataka akifika anikute nimeshajua la kumwambia. Mke wa Mheshimiwa yuko nyumbani na amesema waziwazi kwamba yuko tayari kupokea hati na kutia sahihi; je, nikimkabidhi itahesabika kwamba mume wake amefikishiwa? Na kama mke hafai, je, wakala wake mkuu wa kampeni anafaa, ikiwa naye yuko tayari? Tena nilimtumia Mheshimiwa picha za ukurasa wa kwanza kwa WhatsApp, na alama mbili za buluu zikatokea, maana yake ameziona. Je, hilo halitoshi?

Msomaji Tororo (Jumapili, usiku)

Ndugu Karani, sioni kinachokusumbua. Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai, Amri ya 5, zinaruhusu hati kuachiwa mtu mzima wa familia anayeishi na mdaiwa ikiwa mdaiwa mwenyewe hapatikani. Mke ni mtu mzima wa familia, na amekubali kutia sahihi. Mpe, chukua sahihi, andika kiapo chako, kisha ulale. Siku saba za sheria ni chache mno kuzipoteza kwa kumfukuza mtu kutoka kijijini hadi Kampala na kurudi.

Wakili Jinja (Jumapili, usiku)

Naomba kumpinga ndugu wa Tororo kabla Karani hajachukua boda boda kwenda kwa huyo mama.

Ni kweli kwamba Amri ya 5 ina kanuni hiyo, na ni kweli kwamba Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai hutumika pia katika mashauri ya uchaguzi, lakini hutumika pale tu ambapo kanuni za uchaguzi zenyewe hazikusema lolote. Katika jambo hili zimesema, na zimesema kwa kirefu. Kifungu cha 62 cha Sheria ya Uchaguzi wa Wabunge ya mwaka 2005 kinamtaka mlalamikaji amfikishie kila mlalamikiwa taarifa ya kuwasilishwa kwa shauri, pamoja na nakala ya shauri, ndani ya siku saba tangu shauri lilipofunguliwa. (Nambari hiyo ni ya zamani. Katika toleo la sheria zetu lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024 vifungu vingi vimehama, kwa hiyo mkuu wako aangalie nambari mpya kabla ya kuandika chochote cha kwenda mbele ya jaji.) Kisha kanuni ya 6 ya Kanuni za Mashauri ya Uchaguzi inataka hati zimfikie mlalamikiwa mwenyewe, mkononi. Na kanuni hiyohiyo imemtazamia mtu wa aina ya Mheshimiwa wako: inasema kwamba ikiwa hapatikani ndani ya siku tatu, mlalamikaji au wakili wake atapeleka maombi mahakamani mara moja, yakiungwa mkono na kiapo kinachoeleza kwamba juhudi zote zinazostahili zimefanyika bila mafanikio. Jaji akiridhika, ndiye anayeamuru njia mbadala.

Angalieni mpangilio huo. Mke, wakala wa kampeni, gazeti, ubao wa matangazo wa mahakama, hata WhatsApp, vyote vinaweza kuwa njia halali, lakini baada ya jaji kusema, si kabla. Ukimpa mke hati leo kwa uamuzi wako mwenyewe, wakili wa upande wa pili atasimama siku ya kwanza ya kesi na kusema kwamba mteja wake hakufikishiwa kwa namna iliyowekwa, na hapo mtaanza kubishana juu ya sahihi ya mama wa watu badala ya kubishana juu ya kura. Ninyi mmekusanya fomu za matokeo na viapo vya mawakala wa vituo; itakuwa huzuni kubwa vitu hivyo visifunguliwe kwa sababu ya namna karatasi ilivyofika nyumbani kwa mtu. Mlalamikiwa anayejificha hana dawa nyingine ila uzembe wa mlalamikaji. Akikosa uzembe huo, kujificha kwake kutamgharimu mafuta ya gari na usingizi tu.

Kuhusu wakala wa kampeni, jibu ni lilelile. Alikuwa wakala kwa ajili ya uchaguzi, na kazi hiyo haimpi madaraka ya kupokea hati za mahakama kwa niaba ya mgombea. Hata wakili wake wa siku zote hafai, mpaka aseme kwa maandishi kwamba ameagizwa kuzipokea. Nimewahi kuona mawakili wakigonga muhuri wa ofisi kwa ukarimu kisha wiki inayofuata wanadai kwamba hawakuwa na maagizo.

WhatsApp ni habari ya peke yake. Tangu mwaka 2019 tunayo maelekezo ya Jaji Mkuu kuhusu matumizi ya teknolojia katika mahakama, na mfumo wa kufungua kesi kwa njia ya kielektroniki umekuwa ukienea tangu mwaka 2022, kwa hiyo jaji wa leo hatashangaa ukimwomba aruhusu namba ya simu kuwa njia mojawapo. Lakini ulichotuma wewe ni ukurasa wa kwanza peke yake, bila taarifa na bila hati ya kiapo inayoambatana na shauri. Alama za buluu usizitegemee kuwa ufikishaji. Zitumie kama ushahidi kwamba namba ni yake na inafanya kazi. Zitakusaidia sana kumshawishi jaji kwamba njia hiyo itamfikia.

Kesho asubuhi, basi, kazi ya mkuu wako ni kuandika maombi ya upande mmoja, yaani yanayosikilizwa bila mlalamikiwa kuitwa, na kuyawasilisha kesho hiyohiyo. Kanuni inasema mara moja, na jaji atakayesoma faili ataangalia tarehe.

Mpeleka Hati wa Arua (Jumatatu, alfajiri)

Wakili amemaliza upande wa sheria. Mimi nimefanya kazi ya kupeleka hati za mahakama huku West Nile kwa muda mrefu, na ninataka kuzungumza juu ya kiapo, kwa sababu hapo ndipo makarani wengi wanapoanguka.

Kiapo kinachosema tu kwamba "nilifanya kila juhudi bila mafanikio" hakina thamani hata ya karatasi kilichoandikiwa. Jaji anataka kukuona ukitembea. Andika ulifika wapi, saa ngapi, kwa chombo gani, nani alikuelekeza kwenye nyumba hiyo na yeye aliijuaje kuwa ni ya Mheshimiwa, ulimkuta nani, alikujibu nini, na ulikaa kwa muda gani ukingoja. Kama askari wa getini alikataa kutaja jina, andika kwamba alikataa, kisha eleza sare aliyovaa. Piga picha ya geti. Andika namba za simu ulizopiga na saa ulizopiga, na uambatanishe picha ya skrini. Jambo uliloambiwa na mtu mwingine, sema kwamba uliambiwa na umtaje aliyekuambia. Usiliape kana kwamba uliliona kwa macho yako, kwa sababu siku utakapoulizwa maswali na wakili wa upande wa pili kiapo chote kitaporomoka kwa sababu ya sentensi moja.

Ipo hukumu ya Mahakama ya Juu ambayo kila mpeleka hati angepaswa kuijua, Kanyabwera dhidi ya Tumwebaze, rufaa ya madai namba 6 ya mwaka 2004. Mahakama ilisisitiza kwamba kiapo cha kufikisha hati lazima kionyeshe wakati na namna hati zilivyofikishwa, pamoja na jina na anwani ya mtu aliyemtambulisha mlengwa kwa mpeleka hati na kushuhudia makabidhiano, kama alikuwapo. Haikuwa kesi ya uchaguzi, lakini majaji huipima kazi yetu kwa kipimo hicho. Kwa hiyo usiende tena peke yako. Nenda na mtu anayemjua Mheshimiwa kwa sura, ambaye hataogopa kutajwa. Mwenyekiti wako wa LC1 mwache, kwa kuwa shahidi anayelazimishwa hugeuka. Tafuta diwani, mwalimu, au kiongozi wa kanisa asiye na chama.

Tena usiache kumtafuta kwa sababu maombi yako mezani kwa jaji. Hakuna kanuni inayosema hati zikabidhiwe nyumbani pekee. Mbunge mteule anaweza kuikwepa nyumba yake mwenyewe kwa wiki nzima, lakini hawezi kukosa misa ya shukrani iliyoandaliwa kwa ajili yake, wala hawezi kukosa matanga ya mtu mkubwa jimboni, kwa sababu wapigakura watahesabu kutokuwepo kwake. Sisemi umkabidhi karatasi kando ya kaburi. Hilo ni utovu wa adabu, na waombolezaji wanaweza kukufundisha adabu papo hapo. Ngoja barabarani, penye gari lake, watu wakishaanza kula. Mwite kwa heshima yake, mwambie ni hati gani, na mpe. Akikataa kushika, mwambie kwa sauti inayosikika kwamba unaziacha, ziweke mbele yake, ondoka, kisha wewe na shahidi wako mwandike viapo siku hiyohiyo.

Karani wa Mbale (Jumanne, mchana)

Ninawashukuru sana, hasa Wakili na mzee wa Arua. Wakili wetu mkuu alirudi, akasoma majibu haya kwenye simu yangu, akaniambia kwamba mke wa Mheshimiwa tumwache apumzike. Maombi yaliwasilishwa jana alasiri yakiwa na kiapo changu cha kurasa kadhaa, chenye picha za geti zote mbili na orodha ya simu.

Sasa kuna jambo jipya linalotutia wasiwasi. Naibu msajili anasema jaji yuko kwenye vikao nje ya mji na faili litamfikia kesho Jumatano, pengine mchana. Kwa hesabu yetu, siku saba zinaisha Alhamisi. Ikiwa amri itatoka Alhamisi jioni, au Ijumaa, tangazo la gazeti haliwezi kuchapishwa kabla ya Jumamosi au Jumatatu. Je, shauri limekufa? Tena mwenzangu ofisini anasema Jumapili haihesabiwi, kwa hiyo tuna siku moja ya ziada. Je, ni kweli?

Wakili Jinja (Jumanne, jioni)

Nianze na Jumapili. Mwenzako ameshika nusu ya kanuni. Jumapili na sikukuu za umma huachwa katika hesabu pale ambapo muda uliowekwa hauzidi siku sita. Zile siku tatu za kumtafuta mlalamikiwa zinaweza kunufaika na kanuni hiyo, lakini siku saba haziwezi. Ndani ya siku saba Jumapili inahesabiwa kama siku nyingine, isipokuwa siku ya mwisho yenyewe iwe Jumapili au sikukuu, ambapo mnasogea hadi siku inayofuata. Mlifungua Alhamisi, siku hiyo haihesabiwi, Ijumaa ni ya kwanza, siku ya saba ni Alhamisi hii. Msijidanganye na Ijumaa.

Kuhusu shauri kufa, jibu liko katika hukumu ya Mahakama ya Juu ya Sitenda Sebalu dhidi ya Sam Njuba na Tume ya Uchaguzi, rufaa ya uchaguzi namba 26 ya mwaka 2007. Ni habari ya jimbo la Kyadondo Mashariki, uchaguzi wa mwaka 2006. Taarifa ya kuwasilishwa kwa shauri haikufikishwa ndani ya siku saba, na mahakama mbili za chini zikaona kwamba kosa hilo limelimaliza shauri. Mahakama ya Juu ikakataa. Ilisema kwamba Bunge lilitaka migogoro ya uchaguzi imalizwe haraka, lakini lilitaka pia isikilizwe na kuamuliwa kwa haki, na kwamba sharti la siku saba, ingawa limeandikwa kwa lugha ya amri, halikukusudiwa kwamba kila anayelikosa afukuzwe mlangoni bila kusikilizwa. Mahakama ina uwezo wa kuongeza muda chini ya kanuni ya 19 ya Kanuni za Mashauri ya Uchaguzi, hata muda ukiwa umeshapita, ikiwa kuna mazingira maalumu yanayofanya jambo hilo lifae. (Wenye kumbukumbu watatambua kwamba Sitenda Sebalu alirudi mahakamani baada ya uchaguzi wa mwaka 2016, safari hiyo dhidi ya Apollo Kantinti, akafanikiwa kuufuta uchaguzi, kisha katika uchaguzi mdogo wa Juni 2017 akashindwa na Robert Kyagulanyi, yaani Bobi Wine. Kushinda kesi na kushinda kura ni mambo mawili.)

Ninawaomba msiisome hukumu hiyo kama ruhusa ya kuchelewa. Mawakili wengi huitaja kana kwamba imefuta siku saba, nami sikubaliani nao hata kidogo. Kanuni ya 19 inadai mazingira maalumu, na mtu aliyekaa bila kufanya kitu mpaka siku ya nane hana mazingira yoyote maalumu ila uvivu wake. Ninyi mnayo: mlitafuta, mkaomba amri ndani ya muda, na kilichochelewa ni ratiba ya mahakama. Mlisema hivyo kwa kiapo? Kama hamkusema, mkuu wako aongeze kesho asubuhi, kabla faili halijamfikia jaji, ombi la kuongezewa muda chini ya kanuni ya 19, pamoja na kiapo cha nyongeza kinachoeleza tarehe ya kuwasilisha maombi na kile alichosema naibu msajili. Ni rahisi zaidi kwa jaji kuongeza muda ambao bado haujaisha, katika amri ileile ya njia mbadala, kuliko kuja kuombwa wiki mbili baadaye na mtu anayejitetea dhidi ya maombi ya kufutiwa shauri.

Na msichanganye siku saba hizi na zile siku 30 za kufungua shauri tangu matokeo yachapishwe katika Gazeti Rasmi la Serikali. Zile mahakama zetu zimezishika kwa ukali, na sijui mlango wa kupitia ukishazipitiliza.

Msomaji Tororo (Jumanne, usiku)

Nimekubali kusahihishwa kuhusu mke. Lakini niulize kwa niaba ya wengine tusio mawakili: kama tangazo litachapishwa gazetini na Mheshimiwa aseme kwamba yeye hasomi gazeti hilo, je, hatukurudi palepale?

Wakili Jinja (Jumanne, usiku)

Hapana. Hati zikifikishwa kwa njia iliyoamriwa na jaji, huhesabiwa sawa na kukabidhiwa mkononi, hata asome au asisome. Tangu hapo siku zake kumi za kuleta majibu zinaanza kukimbia, na akiendelea kujificha ni yeye anayeumia. Tatizo hutokea pale tu ambapo mlalamikaji hakuitekeleza amri ilivyoandikwa. Kwa sababu hiyo ningewashauri kuomba njia zaidi ya moja kwa pamoja: tangazo katika gazeti linalosomwa jimboni, kubandika nakala kwenye mlango wa nyumba yake na kwenye ubao wa mahakama, na kutuma hati zote kwa namba ile yenye alama za buluu. Jaji anaweza kukubali mbili na kuacha moja, na hilo halina ubaya.

Mpeleka Hati wa Arua (Jumatano, alfajiri)

Niongeze la utekelezaji, kwa kuwa Karani ndiye atakayelifanya. Amri ikitoka, chukua nakala iliyothibitishwa na uisome neno kwa neno kabla ya kuondoka mahakamani. Ikisema ubandike kwenye mlango wa nyumba ya kijijini, usibandike kwenye geti la Kampala kwa sababu ni karibu. Bandika nakala kamili, yaani taarifa, shauri, kiapo kilichoambatana nalo, na amri yenyewe ya jaji, wala si ukurasa wa kwanza kama ulivyofanya kwa WhatsApp. Piga picha kabla ya kubandika, baada ya kubandika, na moja kutoka mbali inayoonyesha nyumba yote. Ukurasa wa gazeti uhifadhi mzima, pamoja na tarehe yake. Usikate tangazo peke yake. Ujumbe wa simu utume kutoka simu ya ofisi, si yako, ili usije ukaambiwa ulete simu yako mahakamani. Kisha ape kiapo kimoja kwa kila njia mtu yuleyule aliyeitekeleza, mbele ya kamishna wa viapo, na viingie kwenye faili kabla ya siku ya kwanza ya kutajwa kwa kesi.

Na hati za Tume mlizogongewa muhuri Ijumaa, je, mliziapia? Ule muhuri hauingii wenyewe kwenye faili.

Karani wa Mbale (Jumatano, asubuhi)

Hatukuziapia, mzee. Aliyezipeleka yuko Kampala hadi leo. Nimempigia sasa hivi, na atakwenda kwa kamishna wa viapo huko huko kabla ya saa sita mchana. Ombi la kanuni ya 19 limeshaandikwa, na mkuu yuko njiani kwenda kwa msajili.